Bi Utepe na Nishani za Kikosi cha Waya

Sauti iliyonibakia ni ya kopo la majani ya chai likimwagwa juu ya meza ya mikutano. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa mchakacho mkavu, mfupi, kama wa mtu aliyemwaga misumari bila kukusudia. Lakini kopo hili lilimwagwa kwa makusudi, na aliyelimwaga ni mwanamke ambaye jarida letu linamuaga leo. Nitaeleza lilikuwa na nini ndani. Kwanza yatangulie ya kutangulia.

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Bi Utepe anastaafu baada ya kuyatumikia makumbusho yetu kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa mshonaji wa mapazia; anatoka akiwa mkuu wa karakana ya ukarabati. Katikati ya hapo amefanya kazi chini ya wakurugenzi sita, amekataa mara mbili ofisi yenye zulia, na hajawahi kupita lango kuu bila sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa gauni. Haya ya sindano ni ushahidi wa mlinzi wetu, anayedai miaka yote kwamba siku akiamua kumpekua kwa mujibu wa kanuni, Bi Utepe hatawahi chakula cha jioni kwake. Bi Utepe naye humjibu kwamba siku hiyo mlinzi atarudi nyumbani bila vifungo vya shati.

Kisa cha mapazia wengi wanakijua. Mkurugenzi wa wakati ule alimwajiri kwa muda tu, ashone mapazia ya ukumbi mkubwa kisha aende zake. Alipomaliza, mkurugenzi aliligeuza pindo la pazia moja, akaligeuza tena, akashindwa kujua upande wa mbele ni upi. Akamuuliza kama angeweza kushika nguo zenye umri mkubwa kuliko wao wote wawili. Alijibu kwamba nguo kuukuu ndizo zilizomlea. Hakwenda zake.

Kuanzia hapo mikono yake imepita kwenye karibu kila kitu cha uzi na cha chuma kilichomo humu ndani. Bendera iliyoliwa na panya katikati, yeye ndiye aliyeirudishia katikati yake. Sare za askari zilipovamiwa na nondo, alijua kwamba baridi kali huwaua wadudu hao bila kudhuru kitambaa, na kwa kuwa karakana haikuwa na friza, alitumia ya kantini. Akasahau kumwambia mpishi. Mpishi alifungua friza asubuhi atoe samaki, akaifunga taratibu, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Alipoulizwa ana nini, alisema mle ndani kuna mtu, ila yeye ameona nusu ya chini tu. Ilikuwa suruali ya kanali mmoja wa zamani. Samaki hawakuliwa juma lile, na mwezi uliofuata karakana ilinunuliwa friza yake.

Mkurugenzi wetu wa sasa pia ana kisa chake, na ametoa ruhusa kisemwe. Waziri alikuwa ameshashuka garini, wafanyakazi wamejipanga, na kifungo cha suruali ya mkurugenzi kikaamua kustaafu mapema. Bi Utepe alimsukumia kwenye stoo ya mafagio, akamshonea akiwa amesimama, akakata uzi kwa meno, akamrudisha mstarini. Waziri hakujua lolote. Tangu siku ile mkurugenzi hajamnyooshea Bi Utepe kidole.

Kila mfanyakazi mpya, awe mwongoza wageni au mhasibu, alipitishwa kwenye mtihani wake. Alikupa kipande cha kitambaa, sindano na kifungo. Ukishona akatikisa kichwa kuridhika, ulidhani umefaulu. Hapo ndipo alipokwambia ukifumue, na kitambaa kibaki kama hakijawahi kuguswa. Karibu wote tuliacha matundu. Kushona, alikuwa akisema, hata cherehani inaweza. Kazi ni kufumua. Kanuni yake ya karakana ilikuwa moja: usikifanyie kitu cha mtu jambo usiloweza kulifumua. Nilipokuwa mgeni niliichukua kama kanuni ya ufundi, nikaiandika kwa penseli ukutani juu ya meza yangu. Sikujua kwamba kuna mahali maalumu ilikotoka.

Ilitoka kwenye kabati la pili la ukumbi wa vita.

Humo kulikuwa na nishani kumi na tisa za Kikosi cha Waya. Wachache wanakijua kikosi hiki, hata miongoni mwetu. Walikuwa askari wa mkoloni wakati wa vita vikuu vya pili, lakini bunduki hawakupewa. Walipewa nguzo, ngazi na magurudumu ya waya wa shaba, wakatangulizwa porini kutandika laini za simu ili maafisa waongee. Askari wenzao waliwaita popo, kwa sababu kila ukiwatazama walikuwa wananing'inia. Walipigwa risasi juu ya nguzo, waliumwa na nyuki juu ya nguzo, na baada ya vita waliendelea miaka kadhaa kuzitengeneza laini zile zile. Wakapewa nishani ya kampeni, ile ile waliyopewa wote waliokuwa upande huo wa vita, yenye jina la askari limechongwa pembeni na utepe wa rangi zile zile.

Nishani hizo zilitufikia katika sanduku la bati kutoka ghala la jeshi, Bi Utepe akiwa na mwaka wa pili kazini. Hakuna hata moja iliyokuwa na utepe. Kila moja ilikuwa imefungwa kipande cha waya wa shaba, umepauka, wa kijani kibichi penye unyevu. Mwongozo wa kazi wa siku zile ulisema kisicho cha asili kiondolewe, na uzinduzi wa ukumbi ulikuwa mlangoni. Basi Bi Utepe, binti wa miaka ishirini na kitu, akaambiwa aondoe taka zile. Alichukua plaizi akakata waya mmoja baada ya mwingine, kisha akashona tepe mpya, rangi sahihi, mishono ambayo huioni hata ukiitafuta kwa lenzi. Zilipendeza kiasi kwamba mgeni rasmi alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Kuanzia siku hiyo akaitwa Bi Utepe, na jina la kwao likabaki kwenye hati za mshahara.

Mwaka jana alikuja mwanamke mzee, haoni, ameshikwa mkono na mjukuu wake ambaye ni mwalimu. Baba yake alikuwa koplo katika Kikosi cha Waya. Mjukuu alikuwa amepita na wanafunzi wake wiki moja kabla, akasoma jina la babu wa mama yake pembeni mwa nishani moja, akarudi nyumbani mbio. Bibi hakuwa na picha ya baba yake, wala nguo, wala kaburi analolijua. Alitaka kuishika nishani mara moja tu, kisha, alivyosema yeye mwenyewe, dunia iendelee na shughuli zake.

Kwa kawaida wageni hawashiki. Bi Utepe alifungua kabati bila kumwuliza mtu, akaweka nishani kwenye kiganja cha bibi. Nilikuwepo, mimi msaidizi wake wa karakana, nimeshika trei. Vidole vya bibi havikwenda kwenye uso wa mfalme wala kwenye jina. Vilipanda juu moja kwa moja, vikakuta kitambaa, vikasimama.

"Mwanangu," alisema, "umenipa ya mtu mwingine."

Mjukuu akamwambia kwamba jina ni la koplo, amelisoma kwa macho yake, na herufi hazijafutika.

"Jina ni lake. Hii siyo."

Akairudisha, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Kisha akatueleza. Siku askari wa waya walipopewa nishani, walizitoa tepe wao wenyewe. Utepe ule ulikuwa wa kila mtu, hata wa makarani ambao hawakutoka mjini. Wao wakakata vipande vya laini waliyoitandika kwa mikono yao, wakaning'iniza nishani kwa waya, na kila mmoja akaufunga kwa fundo la kazini: ncha mbili zinapishana, kila moja inazungushwa kwenye shingo ya mwenzake, ukivuta ndipo inakaza. Mtu wa laini akikutana na mwingine alitazama fundo, akajua huyu ni wetu. Utepe wa koplo ulikwenda kwenye nywele za mama yake bibi. Yeye, akiwa mtoto mdogo kwenye goti la baba, alikuwa halali mpaka alishike fundo lile, na baba akimaliza kumbembeleza alikuwa na kazi ya kuvifungua vidole kimoja kimoja.

Afisa wao aliwaamuru warudishe tepe. Hawakurudisha, wakaendelea kuzivaa kwa waya miaka kadhaa. Akawaamuru tena mbele ya gwaride, wakasimama, nyaya zao vifuani. Siku hiyo hiyo wakanyang'anywa nishani zote, zikatupwa kwenye sanduku la bati, na koplo akarudi nyumbani na tundu kwenye shati. Hakuizungumzia tena.

Bibi aliuliza kama tungeweza kutafuta vizuri stoo, huenda ya baba ipo chini ya nyingine. Bi Utepe alisema tutatafuta. Aliwasindikiza mpaka langoni, akarudi karakana, akakaa. Hakutafuta. Aliitazama rafu ya gundi mpaka jioni, na mimi nilikuwa na akili ya kutomwuliza. Nilikuwa nikifikiria afisa yule. Amri aliyoshindwa kuitekeleza mbele ya kikosi kizima, sisi tulikuja kumtekelezea miaka mingi baadaye, kwa uzi mzuri na rangi sahihi, kisha tukaiwekea taa.

Kesho yake Bi Utepe aliomba kikao na wakuu wa idara. Aliingia na kopo la majani ya chai. Alisimulia yote, hakujipunguzia chochote, kisha akalimwaga. Hiyo ndiyo sauti. Zilikuwa zile nyaya, zote, kila moja na fundo lake halijaguswa. Plaizi yake ilikuwa imekata upande wa nyuma. Alisema mwongozo ulimwambia atupe, na mkono ukakataa. Kitu ambacho mtu amekifunga akakivuta kikakaza hakuwahi kuweza kukitupa, hata asipojua ni nini. Kopo lilikaa nyuma ya rafu ya gundi tangu siku ile, na kanuni yake ya kufumua ilianzia hapo.

Alitaka mambo mawili. Kila waya urudi kwenye nishani yake, na kibao cha maelezo kiseme wazi kwamba waliozikata ni makumbusho. Na alitaka yakamilike kabla hajastaafu, wakati binti wa koplo bado ana uhai wa kuja.

Hapo ndipo penye ugumu. Mkurugenzi hakuwa na neno juu ya nyaya. Tatizo lake lilikuwa kibao. Wafadhili walikuwa wamepanga kuja kukagua ukumbi, na yeye alikuwa na miezi michache ya kuwashawishi kwamba tunajua kutunza vitu.

"Bi Utepe, unataka tujianike?"

"Nilizikata mimi, na mimi bado nipo," alisema. "Mkingoja niondoke, mtaandika zilikatwa na nani?"

Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mkurugenzi asiogope sana, kwani yeye ameshamwona katika hali mbaya zaidi ya hii na akamtoa salama. Mpiga chapa wetu wa vibao alicheka kwanza, akafuata mhasibu, na mwisho mkurugenzi mwenyewe. Alipomaliza kucheka aliuliza ni muda gani unahitajika. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Kwenye kumbukumbu, mahali hapo pana nafasi tupu. Nilikuwa nimeacha kuandika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutoa jasho. Nyaya zilikuwa zimechanganyika koponi, na hazina majina. Lakini askari wale walivaa nishani zao kila siku, hata juu ya nguzo, na waya unaosuguana na chuma kila siku hujichimbia njia. Kwenye tundu la kila nishani palikuwa na mfuo wake: mmoja umeegemea kushoto, mwingine mpana, mwingine mdogo kama ukucha wa mtoto. Na kwenye kila waya palikuwa na sehemu iliyolika. Bi Utepe alifumua tepe zake mwenyewe, mshono kwa mshono, na naapa kitambaa hakikuacha hata alama. Kisha akaanza kujaribu. Waya usio wa pale ulicheza. Wa pale ulikaa, ukatulia, kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani.

Tulijaribu kwa miezi. Macho yake hayakuwa kama zamani, kwa hiyo mimi nilitazama na yeye akasikiliza kwa ncha za vidole. Mara nyingi nilisema ndio na yeye akasema bado. Mwishoni nishani kumi na nane zilipata nyaya zao. Moja haikupata, waya uliobaki ulicheza kila tulipouweka, na Bi Utepe akakataa katakata kuulazimisha. Inaning'inia peke yake, na waya umelazwa pembeni, na kibao kinasema hatujui.

Zile ncha alizozikata hakuziunganisha kwa moto. Alizifunga kwa uzi mwembamba wa hariri wa rangi ya udongo, ambao kesho mtu akipenda ataufumua. Mkato unaonekana. Alitaka uonekane.

Wafadhili walikuja. Nilijiandaa kwa maswali, nikayapata, ila si yale niliyoyategemea. Walisoma kibao, wakakisoma tena, kisha wakamwuliza Bi Utepe awafundishe fundo. Mkuu wao, bwana mwenye suti na miwani ya dhahabu, alijichoma kidole na waya mara mbili akakataa kuondoka mpaka alipofaulu. Fedha za ukumbi zimeshapitishwa, na katika barua yao waliutaja mkato kwa heshima kuliko walivyoitaja rangi mpya ya kuta.

Wiki tatu zilizopita tuliufungua upya ukumbi. Familia za askari wa waya zilizopatikana ziliitwa, na mkurugenzi akatangaza mbele ya wote kwamba mali iliyonyang'anywa ina wenyewe: anayetaka kuiacha nishani hapa, tutaitunza, anayetaka kuichukua, aichukue. Binti wa koplo alikaa mstari wa mbele. Safari hii Bi Utepe alipiga magoti mbele yake, akamwambia kwa mdomo wake ni nani aliyekata waya, ndipo akampa.

Vidole vilipanda juu. Vikakuta fundo. Vikalizunguka, vikashuka nyuma, vikakuta uzi wa hariri, vikakaa hapo kidogo, vikarudi kwenye fundo na havikuondoka tena.

"Huyu ndiye," bibi alisema. Halafu akaugeuza uso upande wa Bi Utepe. "Na wewe mwanangu, hukulitupa."

Ukumbi ulilipuka. Wazee waliokuja na mikongojo walisimama, mpishi alipiga kigelegele ambacho hakuna aliyejua anacho, na mkurugenzi alitafuta leso kwenye mifuko yote akaikosa. Familia nyingi zimeziacha nishani zao kwetu. Bibi alichukua ya kwake. Hakutaka ifungwe kwenye karatasi. Mjukuu alimchomekea kifuani pale pale, na akatoka nayo mchana kweupe, waya wa shaba ukimetameta, taratibu, akipita katikati ya watu waliompisha njia. Langoni kanuni inasema kila kitu cha makumbusho kinachotoka kikaguliwe. Mlinzi wetu alikitazama kifua cha bibi, akavuta koti lake likanyooka, akapiga saluti. Bibi hakuiona, lakini alisikia visigino vikigongana, na akanyoosha mgongo.

Siandiki haya kumvika Bi Utepe kilemba cha ukoka. Angekifumua. Naandika kwa sababu watu wengi humaliza kazi wakiwa wameficha vizuri walichokosea, na yeye amemaliza kwa kukileta mezani mwenyewe, akakitengeneza kilichotengenezeka, na kisichotengenezeka akakiacha wazi kila mtu akione. Tulimwuliza kama sasa abadilishwe jina. Alisema jina libaki lilivyo, limkumbushe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Bi Utepe, ahsante. Ahsante kwa bendera, kwa suruali ya kanali, kwa kila kifungo ulichotushonea bila kutuuliza kilikatikaje. Wajukuu wakusumbue kiasi, miguu isikusumbue kabisa, macho yapumzike, na mikono ipate kazi ndogo ya kuifurahisha. Uishi vizuri na kwa muda mrefu, mama yetu.

Kuanzia mwezi ujao karakana ni yangu. Kinachofuata kwenye ratiba ni tarumbeta za bendi ya jeshi la zamani, na agizo lilishaletwa nilitie sahihi: zinyooshwe mabonyeo, zing'arishwe, ziwekwe kabatini. Jumatatu nimelirudisha bila sahihi. Nimempata kwa simu mtoto wa mmoja wa wapigaji, mzee sasa, na anakuja Alhamisi. Tarumbeta ziko juu ya meza zikimngoja, na mabonyeo yake yote.